Kimya Kimoja, Ndiyo Mbili

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, theluji ya mtaa wetu wa Weston hapa Toronto imeshageuka tope jeusi kando ya barabara, na nyumba yetu ya ghorofa ya kumi na moja inanukia udi mpaka kwenye lifti. Nikiikumbuka siku hiyo hasira hunipanda upya kama maziwa jikoni. Usicheke. Watu husema uzee hupoza damu, lakini mimi yangu bado inachemka, na leo wewe ndiye uliyewasha moto.

Nasema wewe, ndiyo. Juzi pale mezani kwa baba yako, mdogo wangu ambaye namjua tangu anatambaa, ulinikera sana. Umeacha chuo katikati ya mwaka, umejifungia kwenye chumba cha chini ya nyumba, mchana hutoki. Baba yako anasema ni uvivu, na anasema kwa yakini, utadhani alikupasua kifua akachungulia. Mama yako anasema ni ugonjwa, naye hana shaka hata chembe. Nikakuuliza wewe mwenyewe. Ukanyanyua mabega, ukaniambia kwa hicho Kiingereza chenu kwamba maneno hayawezi kueleza, na hata yakieleza hakuna atakayeelewa, kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kumjua binadamu mwenzake. Kisha ukachukua sahani yako ukashuka ngazi. Kefule! Nilitaka kukufuata na mwiko, ila magoti yangu na ngazi hawapatani siku hizi.

Lililoniuma zaidi ni kwamba maneno yale nayajua. Niliyasema mimi, karibu vile vile, miaka ya tisini, kabla wewe hujazaliwa. Basi kaa hapo unisikilize, na hiyo simu yako ilaze kifudifudi.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulikuwa tumetoka Tanga, mimi, mama na baba yako, baada ya baba yetu kufariki. Aliyetupokea Toronto ni Ami Salimu, mdogo wake marehemu baba, aliyekuwa ametangulia siku nyingi. Ami alifanya kazi kwenye kiwanda cha milango huko Vaughan. Alitulisha, alitusomesha, alitununulia makoti ya baridi kabla hajajinunulia lake, na kwa sheria ya dini yeye ndiye aliyekuwa walii wangu, mwenye kuniozesha. Nayasema haya mwanzo kwa sababu mbele nitamsema, na sitaki umchukie.

Alikuwako pia Bibi, mama yake mama, Bi Rukia. Alikuja kututembelea kiangazi, baridi ikamkuta huku huku, akabaki ameketi kwenye kochi na makoti mawili akitazama mieleka kwenye televisheni. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji, lakini mieleka hakuna aliyeielewa kuliko yeye. Mtu akianguka akagaagaa, Bibi anapiga kelele, "Muongo huyo! Kapigwa tumbo kashika mgongo!" Siku moja nikamwambia, kwa kiburi cha msomi, "Bibi, huwezi kujua kama ameumia au hakuumia. Maumivu ni yake peke yake." Bibi akanitazama juu mpaka chini. Akasema, "Basi nenda kamuulize," akarudi kwenye mieleka yake.

Nilikuwa nasoma falsafa, mwanangu. Asubuhi basi la barabara ya Weston, kisha treni ya chini ya ardhi, mpaka chuoni mjini. Muhula ule tulifundishwa na mzee mmoja mwembamba mwenye sweta lililotoboka kiwiko, na somo lilikuwa shaka. Unajuaje kwamba mwenzako anaumwa? Unaona amekunja uso, unasikia analia, lakini maumivu yenyewe huyaoni. Wewe ukisema chungu na mimi nikisema chungu, nani aliyewahi kutia ulimi wake kinywani mwa mwenzake akahakikisha kwamba ladha ni ile ile? Na maneno je, yanafika kule tunakoyatuma, au yanadondoka njiani?

Si mambo mageni hayo. Wazee wetu walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini wao walisema hivyo ili mtu asijifanye mjuzi wa dhiki ya mwenzake. Mimi niliyapokea kama mtu aliyepewa ruhusa ya kuacha kazi. Mwalimu alikuwa anauliza, mimi nikafanya ndiyo majibu. Nikawa msichana ambaye hakuna aliyesalimika naye. Mama akirudi kutoka kazini, alikokuwa akiwatunza wazee wa watu, akasema amechoka, namwambia neno uchovu halinipi uchovu wake. Mama akaniambia, "Osha vyombo vyote hivyo, halafu ukadeki, utaupata." Nikaviosha nimenuna.

Ndipo ikaja posa.

Kijana aliitwa Fuad, fundi umeme, watu wao wa Mombasa, wakikaa Scarborough. Nilikuwa nimemwona mara chache, arusini na siku ya Idi. Alinishikia mlango mara moja mikono yangu ilipokuwa imejaa sinia, na alikuwa na kicheko kizuri. Zaidi ya hapo sikumjua. Ukiniuliza moyoni nilikuwa na nini, nitakwambia: kumtaka kidogo kulikuwamo, kuogopa kulikuwamo kwingi, hamu ya kumaliza masomo ilikuwamo, na hofu ya kumvunja moyo Ami aliyetulea ilikuwa imevilalia vyote. Nilitafuta neno la kuubeba mchanganyiko huo, kwa Kiswahili halipo, kwa Kiingereza halipo. Nikajiambia, unaona? Mwalimu kasema kweli, maneno hayafiki. Basi nikafunga mdomo.

Ami aliponiuliza mara ya kwanza, mama akiwa pembeni, nikatazama zulia. Ami akatabasamu, uso ukamng'aa. Unajua mila zetu: mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni idhini, anaona haya kusema. Ami akaenda zake na furaha, akawapa wale watu Jumamosi ya kuja kuchukua jibu. Ni nani angemlaumu? Nilikuwa na uwezo wa kusema "Ami, ngoja." Sikusema.

Sasa sikia na upande wa pili, maana hasira yangu ina matawi mawili. Chuoni nilikuwa na rafiki, Karen, mtoto wa wakulima wa huko kaskazini, msichana mwema mwenye roho ya kusaidia hata wasiosaidika. Yeye naye alikuwa amekwisha kunisoma. Alinishika mkono kwenye ukumbi wa kulia chakula akaniambia anajua nalazimishwa. Nikasema si hivyo. Akasema anajua lazima niseme si hivyo. Ebo! Ukikubali umekubali, ukikana pia umekubali. Tangu siku ile sikumjibu tena habari hiyo, naye kila nilipozidi kunyamaza alizidi kuelewa.

Jumamosi ile asubuhi akapiga simu. Nilisimama jikoni na waya wa simu umenizunguka kiuno, mama anakaanga sambusa. Karen akasema, "Saa tisa nitakuja na gari kukuchukua. Utakaa kwangu mpaka upate pa kwenda. Kama hutaki nije, niambie sasa hivi." Nikashika simu. Namwambia asije? Kuna kipande changu kilichotaka kukimbia, hata kama hakikuwa kikubwa. Namwambia aje? Hapana, nitamwua mama kwa fedheha. Akangoja, mafuta yanachemka. "Sawa," akasema, "nimekuelewa." Akakata.

Alasiri wageni wakaingia, wazee watatu na mabibi wawili wa upande wa Fuad. Mwenyewe hakuja, ndivyo desturi. Ami alikuwa amepanda kiti kutoa betri ya kengele ya moshi, maana udi wetu ulikwisha kutuletea zima moto mara moja, ikawa aibu ya jengo zima. Halua ilipangwa, kahawa ikamiminwa, Bibi kwenye kochi lake, televisheni imezimwa sauti lakini picha kaikatalia isizimwe. Mimi niliwekwa chumbani, nimejifunika mtandio, natazama dirishani. Chini treni ilikuwa inaelekea mjini.

Mke wa Ami, Bi Zuhura, akaingia kuniuliza kama inavyotakiwa. "Umeposwa na Fuad. Umeridhika?" Nikanyamaza. Akauliza tena, sauti laini, amekwisha kuanza kutabasamu. Nikanyamaza. Mara ya tatu hakungoja hata nivute pumzi. Akatoka mbio, nikamsikia sebuleni, "Kanyamaza!" Ami akajibu, "Alhamdulillahi!" na vigelegele vikapaa.

Vigelegele havijaisha, mlango ukagongwa. Nilichungulia kwenye ufa nikatamani sakafu ipasuke inimeze. Karen huyo, viatu vya theluji vinachuruzika, mkononi ana sanduku tupu alilokuja nalo nitilie nguo zangu. Akasimama katikati ya wazee wa watu, mashavu mekundu, akasema kwa Kiingereza cha kutetemeka kwamba amekuja kunichukua na hatoki bila mimi.

Ami akamwuliza, kwa adabu kubwa, "Nani amekuita?"

"Yeye mwenyewe, asubuhi."

"Alikwambia nini?"

"Hakusema kitu," Karen akajibu. "Hakuwa na haja ya kusema."

Bibi akamgeukia mama. "Mzungu huyu anasema nini?" Mama, machozi karibu, akamfasiria yote. Bibi akanyanyuka na makoti yake mawili, akaizima televisheni kwa mkono wake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Akasema, "Na wewe Salimu, kakwambia nini?"

"Amenyamaza, mama. Kimya cha mwari ni idhini."

"Lo! Kimya kimoja," Bibi akasema. "Huyu kasikia ndiyo ya kuondoka, wewe umesikia ndiyo ya kuolewa. Masikio gani hayo mliyopewa ninyi? Nami mbona nimesikia kimya tu?"

Ami akaanza kueleza, taratibu, kwamba hilo si lake, ni mafundisho. Bibi akamkata. "Usinifundishe dini niliyokua nayo kabla hujaota meno! Mwari aliruhusiwa anyamaze kwa kustahiwa, yule anayetaka ila anaona haya. Haikuwa ruhusa ya kumnyang'anya ulimi. Huyu wako ana haya? Huyu anayebishana na mimi juu ya mieleka? Tangu lini amewahi kukosa la kusema? Leo kakosa, na hakuna hata mmoja wenu aliyeona ajabu!" Wageni wakatazama halua zao. Mzee mmoja alikuwa bado ana kipande kinywani, hajui akimeze au akiache.

Kisha akaja chumbani, akafunga mlango nyuma yake. Mwanangu, nilitegemea kukumbatiwa. Nilijiona mimi ndiye mdhulumiwa, na mwokozi wangu amefika. Akanifinya paja, mfinyo wa kipwani, ule wa kuzungusha.

"Unamtaka humtaki?"

"Bibi, haielezeki. Nikisema ndiyo si kweli yote, nikisema hapana si kweli yote. Maneno hayatoshi."

"Hayatoshi?" Akaketi kitandani kwa kishindo. "Sikiliza, mpumbavu we. Mimi niliolewa hivi hivi. Niliulizwa nimejifunika kanga, nikanyamaza, somo wangu, aliyenifunda, akatoka akasema kanyamaza, wakapiga vigelegele. Unajua kwa nini nilinyamaza?"

Nikasema, "Hukumtaka babu."

"Ala! Na wewe una masikio ya Salimu! Nilimtaka! Nilimtaka babu yako mpaka mate yalikuwa hayashuki kooni. Kimya changu kilikuwa ndiyo tupu, ndiyo ya kujaza pishi. Lakini yeye angejuaje? Alikuwa mtu wa shaka. Nikinuna siku moja kwa sababu ya jino, anadhani najuta. Nikichelewa kucheka, anadhani nilisukumiwa kwake. Alikaa nyumbani mwake kama mgeni anayeogopa kuagiza chai, na mimi nikimwona, nikasema moyoni, si atajua tu? Si nampikia? Si namzalia?"

Akapangusa kamasi kwa ncha ya mtandio. "Alipougua mara ya mwisho akaniuliza. 'Rukia, ulinitaka?' Baada ya watoto saba! Nikaona ni upuuzi, nikaona haya ya uzeeni. Nikamvutia shuka nikamfunika. Kesho yake akafa."

Nilitaka kusema la kumfariji, nikasema la kipumbavu. "Bibi, hata ungemwambia, neno moja lisingetosha kumweleza yote hayo."

Akanigeukia, macho mekundu, na hasira ile sijaiona tena kwa mtu yeyote. "Nani kakwambia alitaka litoshe? Alitaka lisemwe!"

Sebuleni wageni walikuwa wanakohoa. Kisha akaniuliza upya, mara ya tano siku ile, ila yeye alingoja. Alikaa ameniangalia mdomoni, mikono mapajani, hakunisaidia hata neno. Kungojwa namna ile kunatisha, mwanangu, sijui kama kuna mtu amewahi kukungoja hivyo. Mwisho likanitoka, dogo, limekauka.

"Sijui."

"Enhe," Bibi akasema. "Na hilo nalo ni neno. Limebeba ulilonalo kuliko ndiyo ya Salimu na ndiyo ya mzungu. Ondoka ukaliseme."

Nikatoka. Nikasimama mbele ya wazee wale nikasema kwa mdomo wangu kwamba simkatai Fuad wala sijamkubali, kwamba sijui, na ningependa nimuulize mambo naye aniulize, mama akiwepo. Kisha nikamgeukia Karen nikamwambia kwa Kiingereza sikumwita, ila sikumzuia pia, na kwa hilo la pili anisamehe. Karen akalia. Bibi akamkalisha karibu yake, akamwekea sambusa tatu, akamfungulia mieleka.

Wazee wa Fuad hawakulia, walikasirika. Mkubwa wao akasema hawakutoka Scarborough kwenye tope lote lile kuja kuambiwa sijui, wakavaa viatu, halua ikabaki na alama za meno. Ami hakunitazama. Alirudisha betri kwenye kengele ya moshi, akachukua koti, akaenda kwake na mkewe.

Fuad alinipigia simu mwenyewe baada ya siku kadhaa. Akasema, "Nimeambiwa umesema hujui. Nimefurahi, maana mimi pia sijui, na hakuna aliyeniuliza." Basi tukawa tunaonana kwenye mkahawa wa donati pale Weston, mama meza ya pili na sindano zake za kufumia kofia za sufu. Tuliulizana mpaka majani ya miti yakaanza kugeuka rangi. Mwisho nikajua, nikamwambia hapana, kwa maneno, namtazama usoni. Yalikuwa machache na yalipungua sana, sikuweza kumweleza robo ya sababu. Akazungusha kikombe, akasema, "Ahsante. Sasa siwezi kukaa nikijiuliza." Alioa mwingine, na mpaka leo Idi hainipiti bila salamu yake.

Lakini Ami. Ami hakukanyaga kwetu tena. Alimtumia mama mchele na mafuta kama kawaida, mwenyewe haji. Kila mtu akasema, Salimu kanuna, kavunjiwa heshima na kitoto alichokilea. Mimi nikaamini, nikanuna zaidi yake. Nilisema moyoni, kama ananichukia kwa kusema kweli na anichukie. Tazama upumbavu huo! Nimetoka kulia kwamba watu wamekisemea kimya changu, na mimi nimekaa nakisemea cha mwenzangu.

Bibi alikuwa amekwisha kurudi Tanga. Kwenye simu, sauti inakuja na kupotea, akaniuliza habari za Salimu. Nikasema kakasirika. Akasema, "Kakwambia?" Nikasema hapana, inaonekana tu. Nilimsikia akisonya kutoka Tanga mpaka Toronto.

Kesho yake nikapanda mabasi mpaka Vaughan, nikamngojea nje ya kiwanda saa ya chakula. Akatoka na vumbi la mbao kwenye nyusi. Nikamwamkia, shikamoo Ami, akaitikia, tukaingia kwenye gari lake tukawasha joto. Nikamuuliza, "Ami, umenikasirikia?" Hakujibu. Nikakumbuka alivyofanya Bibi, nikaweka mikono mapajani nikangoja, sikumtafutia maneno. Mikate yake aliyofungiwa na Bi Zuhura ilikuwa pajani, hakuifungua.

"Si hasira, mwanangu," akasema mwisho. "Ni haya. Nikifika mlangoni kwenu namwona marehemu kaka amesimama pale, ananiuliza, Salimu, ulimuuliza binti yangu? Nimjibu nini? Kwamba niliuliza na sikutaka kusikia?" Kisha akaniangalia kwa woga, mtu mzima yule. "Nilidhani wewe ndiye hutaki kuniona."

Tulilia humo garini mpaka king'ora cha kazi kikalia, akala mkate mmoja mbio mbio, mwingine akanipa mimi. Nikifikiria kwamba tungeweza kufa hivyo, yeye na haya zake, mimi na ujuzi wangu, nakasirika hadi leo.

Sasa sikia ninachokwambia, maana sikukuita hapa nikuburudishe. Ni kweli moyo wa mtu huujui. Mwalimu wangu alisema kweli, wewe pia juzi ulisema kweli. Lakini kwa sababu hujui, uliza! Mtu hajulikani, lakini huulizika. Wanaojua ndio hawaulizi: Ami alijua, Karen alijua, baba yako anajua, mama yako anajua. Shaka ikikufunga mdomo imekuwa uvivu uliovaa joho la chuo. Na mtu akikuuliza kwa dhati akakungoja, usimtupie kwamba maneno hayatoshi. Hakuna aliyewahi kukwambia yanatosha. Upawa hautoshi sufuria, na watu wanakula. Sema lile dogo unaloweza, hata likiwa ni sijui, maana ukinyamaza watakusemea wengine, na kila mmoja atajisemea mwenyewe kwa mdomo wako.

Baba yako nitamshukia baadaye, usidhani amepona. Yeye na mama yako wamefanya ya Ami na Karen ndani ya nyumba moja, na nitawaambia mbele yako.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na ulimi wako. Akupe watu wa kukuuliza na subira ya kuwangoja wenzako wakijibu. Akuepushe kufunikwa shuka badala ya kupewa neno, na akuepushe kumfunika mwenzako. Amina.

Mimi sijui una nini. Naapa sijui, na sitajifanya najua. Nilikuuliza juzi ukanipa mabega, leo nakuuliza mara ya pili: una nini, mwanangu?

Nimeweka mikono mapajani. Sina pa kwenda.